Mhusika ni Mali ya Nani? Kazi na Riziki ya Wachekeshaji wa Skiti

Kila mara mchekeshaji wa zamani anapougua na nambari ya kuchangia matibabu yake ikaanza kuzunguka simuni, swali lile lile huibuka katika baraza za Lamu, kuanzia Mkunguni mbele ya Ngome hadi vichochoro vya Langoni: mtu aliyeingia kila nyumba yenye televisheni kwa miaka na miaka amekosaje fedha za hospitali? Wapo wanaojibu papo hapo kwamba alizitapanya. Wapo wanaosema kituo kilimdhulumu. Vijana nao, ambao vichekesho vyao huwajia kwa simu, huongeza la kwao: huyu wa siku hizi hajaonekana kwenye runinga hata siku moja, mbona amenunua gari? Majibu hutofautiana, lakini kosa lao ni moja. Yanamchanganya mchekeshaji na mhusika anayemwigiza, watu wawili wenye uso mmoja na mifuko mbalimbali.

Mfano wa karibu kwa Wakenya ni Mzee Ojwang'. Ukilitaja jina la Benson Wanjau mbele ya wazee wanaokunywa kahawa, wachache wataitika. Ukisema Mzee Ojwang' Hatari, hata aliyesinzia atafungua jicho. Wanjau ndiye aliyemwigiza mzee huyo kwa miaka mingi katika Vitimbi, kipindi cha shirika la utangazaji la taifa, pamoja na Mama Kayai, ambaye jina lake halisi ni Mary Khavere. Miaka michache kabla ya kifo chake, kilichotokea Julai 2015, Wakenya walichangishana ili atibiwe macho. Aliyekuwa tajiri wa sifa ni Ojwang'. Aliyehitaji daktari ni Wanjau.

Kabla ya kuingia kwenye fedha, yafaa maneno yawekwe sawa, maana nusu ya ubishi hutokana nayo. Skiti ni igizo fupi la kuchekesha, la dakika chache tu, lenye kisa kimoja na wahusika wachache, ambalo hukatwa pale pale kicheko kinapofika. Stendapu ni kitu kingine: mtu mmoja, kipaza sauti, na maneno anayoyasema kwa nafsi yake. Tamthilia ya vichekesho kama Vitimbi au Papa Shirandula ni ndefu zaidi. Ina familia, mtaa na mambo yanayoendelea wiki hadi wiki, ijapokuwa waigizaji wake wengi hufanya pia skiti, na nitakayoyaeleza yanawahusu wote. Mhusika ni yule mtu wa kubuni tunayemwona: ana jina lake, lafudhi yake, vazi lake na tabia zake. Mchekeshaji ni binadamu aliye ndani yake, mwenye kitambulisho, kodi ya nyumba na watoto wa kusomesha. Mchekeshaji mmoja aweza kuwa na wahusika kumi. Daniel Ndambuki, kwa mfano, jukwaani ni Churchill na redioni alikuwa Mwalimu King'ang'i, na msikilizaji asiyeambiwa angeweza kudhani ni ndugu wawili wasiosemezana.

Watu wengi huamini kwamba mhusika wa kuchekesha ni kipaji kitupu: mtu amezaliwa mcheshi, akapanda jukwaani, akasema linalomjia. Ukikaa na wanaoifanya kazi hiyo utaona kwamba mhusika hujengwa, na kinachotangulia katika ujenzi huo, mbele ya sauti na mbele ya vazi, ni haja. Mzee anayetaka heshima asiyostahili, kijana anayetaka fedha bila jasho, mama anayetaka kujua habari za kila nyumba isipokuwa yake: ukishajua mhusika anataka nini, unaweza kumtia katika kisa chochote, awe hospitalini, msibani au kwenye foleni ya kitambulisho, na kichekesho kitajitokeza. Asiye na haja huisha baada ya skiti mbili tatu, hata awe na lafudhi ya namna gani.

Kisha huja umbo. Charlie Chaplin, Mwingereza aliyeajiriwa na kampuni ya filamu ya Keystone nchini Marekani mwishoni mwa 1913 kwa dola 150 kwa wiki, alimtoa mbele ya watu mhusika wake maarufu, yule mzururaji, Februari 1914: suruali pana, koti la kubana, kofia ndogo, viatu vikubwa, mkongojo na masharubu ya kubandika. Alieleza baadaye kwamba hakuwa na wazo lolote la mhusika huyo mpaka alipovaa. Nguo ndizo zilizomwambia ni nani. Mwaka 1916 kampuni ya Mutual ilimwandikia mkataba wa dola 670,000 kwa mwaka. Mtu alikuwa yule yule. Kilichopanda bei ni mzururaji. Rowan Atkinson, aliyesomea uhandisi wa umeme hadi shahada ya pili katika chuo cha Oxford, alichukua njia ya kupunguza: Mr. Bean karibu hasemi kitu, na ndiyo sababu watoto wa Lamu wasiojua Kiingereza humcheka sawasawa na watoto wa London. Vipindi vyake vya kuigizwa vilivyomtangaza duniani kote, kati ya 1990 na 1995, vilikuwa 15 tu.

Ufundi huo huo waweza kuuona karibu na nyumbani. Nimewatazama vijana wa Langoni wakipiga skiti ya mama mkwe aliyekuja kukaa siku mbili. Aliyemwigiza alikuwa kijana mwenye ndevu, kajifunga leso ya mamake, na leso haikumchekesha mtu. Wanaume waliovaa leso tumewaona wengi. Shida ilikuwa mlangoni. Mara ya kwanza mama mkwe aliingia mbio na furushi lake, akaamkia, akaketi, hakuna aliyecheka. Wakarudia. Safari hii akasimama kizingitini, akaunyoosha mkono kwenye kidaka cha ukutani, akapitisha kidole kimoja juu ya rafu yake, akakitazama kile kidole, akaguna. Mshika simu mwenyewe alicheka hadi picha ikatikisika. Punda akalia kichochoroni, sauti ikaharibika, wakaanza upya, na ule mguno ukabaki. Sasa watoto wa mtaa huuguna wakiingia nyumba za watu. Mhusika alizaliwa hapo, katika haja ya mwanamke ya kuthibitisha kwamba mwanawe hatunzwi, na katika kidole kimoja.

Kwamba mama mkwe huyo aliigizwa na mvulana kuna sababu yake. Familia nyingi za hapa haziridhii binti yao aonekane kwenye video inayozunguka kila simu, na kwa hiyo makundi ya vijana huwa ya kiume, nao hujivika leso. Jambo hilo lina ubishi wake wa kidini ambao wenye elimu hiyo wanauweza kuliko mimi. Kwa upande wa kazi, lina athari moja iliyo wazi: nafasi ya kuigiza wanawake imeachwa kwa wasio wanawake, na mama, shangazi na mama mkwe wa vichekesho vyetu wana ukali mmoja na sauti moja. Mbele ya kamera za Nairobi mambo yalikwenda vingine. Jacky Vike alimjenga Awinja, na Jacky Nyaminde akamjenga Wilbroda, wote katika Papa Shirandula, na wahusika hao wawili hawawezi kuchanganywa hata ukiwasikia gizani.

Hapa niruhusiwe neno la pembeni kuhusu lafudhi, maana vichekesho vya Kenya vimesimama juu yake. Wanjau hakuwa Mjaluo, lakini Ojwang' alizungumza Kiswahili cha Mjaluo. King'ang'i ni mwalimu wa lafudhi ya Kikamba. Mpwani, katika vichekesho vingi vinavyotengenezwa bara, ni mtu mmoja tu: kajilaza chini ya mnazi, anayavuta maneno, anaogopa majini, hana haraka ya kitu. Mtu wa Lamu akimsikiliza hutambua mara moja kwamba ile lafudhi haina mji; Kiamu cha Lamu siyo, Kimvita cha Mombasa siyo, wala si ya Mgiriama wa Malindi. Sina kinyongo na kuchekwa. Sisi wenyewe tunachekana vya kutosha, na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vya zamani vilishindana kwa nyimbo za mafumbo zilizomchoma mpinzani bila kumtaja. Ninachokiona ni udhaifu wa kazi: mhusika aliyejengwa kwa kabila peke yake hana pa kwenda baada ya skiti ya kwanza. Ojwang' alidumu kwa kuwa chini ya lafudhi mlikuwa na mzee mbishi anayetaka kuwa na neno la mwisho nyumbani mwake na halipati, na mzee huyo yuko Kisumu, yuko Malindi, yuko na Faza.

Sasa tuje kwenye mali. Anayefahamu mambo ya vyombo vya baharini hatapata taabu. Jahazi lina nahodha, lina mabaharia na lina mwenye chombo. Siku ya mashindano jina linalopigiwa vigelegele ufukweni ni la nahodha. Lakini mapato ya chombo hugawanywa kwa mapatano, fungu la chombo likitengwa mbali na mafungu ya watu, na nahodha akigombana na tajiri hushuka na ujuzi wake peke yake, jahazi likabaki na jina lake ubavuni. Katika kichekesho, mchekeshaji ndiye nahodha. Mwenye chombo aweza kuwa kituo cha televisheni, kampuni inayotengeneza kipindi, mwandishi, au mchekeshaji mwenyewe, na hilo huamuliwa na karatasi zilizotiwa saini kabla ya mtu yeyote kucheka.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, hailindi wazo. Ukisema barazani kwamba unamfikiria mama mkwe anayepima vumbi kwa kidole, na mwingine akamtumia, huna la kudai. Kinacholindwa ni kazi iliyokwisha kuandikwa au kurekodiwa. Hapa pana dhana moja potofu inayowatia watu hofu bure: wengi hudhani kwamba haki hiyo hupatikana kwa kujiandikisha tu. Hakimiliki huzaliwa pale kazi inapowekwa katika maandishi au rekodi. Kuiandikisha kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ni ushahidi mzuri siku ya kushtakiana, wala si sharti la kuwa nayo. Jina la mhusika lina njia yake nyingine, ya kusajiliwa kama alama ya biashara katika taasisi ya mali ya viwanda, KIPI, kwa miaka 10 ambayo huweza kuhuishwa kila inapokwisha.

Kifungu kinachowaumiza wachekeshaji ni kingine, nacho hakisomwi sana. Kazi aliyoifanya mwajiriwa katika ajira yake, au iliyoagizwa na mtu mwingine, huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa mwajiri au kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimepatana vingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango pekee ulioachwa wazi, na kijana wa miaka 22 aliyeitwa na kituo kwa mara ya kwanza, ambaye nauli ya kufika huko amekopa, haulizi mlango uko wapi. Anatia saini. Baadaye, mhusika anapokuwa gumzo la nchi, hugundua kwamba hawezi kumpeleka kwingine bila ruhusa. Kuna upande mwingine ambao nao ni wa haki kuutaja: kituo ndicho kilicholipa kamera, taa, mwandishi na saa ya hewani, na bila hivyo mhusika huenda asingetoka mtaani kwao. Kwa hiyo neno "dhuluma" hutumika kwa wepesi mno. Mara nyingi hapakuwa na wizi wowote. Palikuwa na mapatano mabaya yaliyofanywa na mtu asiyejua kwamba anapatana.

Ndugu zetu wa Tanzania walilishuhudia jambo hili kwa macho. Kundi la Ze Comedy, lenye akina Joti, Masanja Mkandamizaji na Mpoki, lilipata jina kubwa kupitia kituo cha televisheni cha EATV. Lilipohamia kituo kingine, TBC1, jina la kipindi likazua mvutano, nalo kundi likaja kujulikana kama Orijino Komedi. Wachekeshaji walishuka na ujuzi wao na wahusika wao. Jina la chombo likawa jambo la kugombaniwa. Bahati yao ni kwamba watazamaji walikuwa wakimfuata Joti kuliko walivyokuwa wakifuata maandishi ya mwanzo wa kipindi. Mwaka 2018, mchekeshaji Amri Athumani, maarufu kwa jina la King Majuto, alipokuwa mgonjwa, serikali ya Tanzania iliunda kamati ya kuichunguza mikataba aliyokuwa ameingia na kampuni mbalimbali. Alifariki Agosti mwaka huo huo.

Wasomaji wanaodhani kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini wamtazame Dave Chappelle wa Marekani. Mwaka 2005 aliacha kipindi chake cha skiti katikati ya msimu wa tatu, akiwa na mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 50. Kipindi kiliendelea kuuzwa na kuonyeshwa bila yeye kulipwa kwa maonyesho hayo mapya, kwa kuwa mkataba aliouweka saini ulikiruhusu kituo. Mwishoni mwa 2020 aliwaomba watazamaji wake hadharani wasikitazame, na Februari 2021 akatangaza kwamba amerudishiwa haki zake na amelipwa. Alifika hapo kwa nguvu ya umaarufu, wala hakushinda kesi mahakamani. Chaplin yeye alikwenda mahakamani. Katika miaka ya 1920 alimshtaki mwigizaji Charles Amador, aliyevaa mavazi yale yale na kujiita Charlie Aplin, akashinda California. Lakini tuangalie alichokishinda: mahakama haikumpa Chaplin miliki ya suruali pana, ilimzuia Amador asiwahadae watu wakadhani wanamwona Chaplin. Kijana wa Malindi anayemwiga mchekeshaji wa Nairobi kwa kufurahisha arusi hana hofu ya kesi kama hiyo. Anayetumia jina na sura ya mhusika wa mwenzake kutangaza biashara ana hofu ya kutosha.

Fedha zenyewe hutoka wapi? Mkataba ukisema mwigizaji atalipwa kwa kila kipindi kinachorekodiwa, basi siku ya kurekodi ndiyo siku ya mshahara na marudio yote, hata yakirushwa kila Ramadhani kwa miaka kumi, hayamletei kitu isipokuwa kama yametajwa. Ndiyo maana umaarufu wa watu wa Vitimbi ulikuwa ukiongezeka kila kipindi kinapooneshwa tena, huku umaarufu huo wenyewe ukiwa hauna risiti. Waliojikimu vizuri zaidi ni wale walioupeleka nje ya kipindi: matangazo ya biashara, kuongoza sherehe, redio, na ziara za majukwaani.

Kwa wachekeshaji wa simuni hesabu ni nyingine, na hapa dhana potofu ni kwamba mtazamaji ni shilingi. YouTube huanza kumgawia mtu mapato ya matangazo akiwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 katika siku 90. Akishakubaliwa, hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayowekwa kwenye video zake ndefu, na asilimia 45 ya fungu analotengewa kutoka mapato ya zile fupi. Mapato hayo nayo hutegemea mtazamaji yuko wapi, kwa sababu mtangazaji biashara hulipa zaidi kumfikia mtu wa Marekani kuliko mtu wa Mpeketoni. Tangu Julai 2023 serikali ya Kenya hukata kodi ya asilimia 5 kwenye malipo ya maudhui ya mtandaoni kwa wakazi wa nchini, baada ya pendekezo la kwanza la asilimia 15 kupingwa. Na video ile inayopokewa na Lamu nzima kwa WhatsApp hadi mwenyewe akarudishiwa na shangazi yake aliyeko Jeddah haimpi mchekeshaji hata senti, kwa kuwa haina pa kuwekwa tangazo wala anayehesabu.

Basi gari hununuliwa kwa nini? Mara nyingi kwa kampuni inayotaka bidhaa yake itajwe ndani ya skiti, na kwa tikiti. Timothy Kimani, Njugush, alianza kujulikana katika kipindi cha televisheni, kisha akajenga skiti zake na mkewe Celestine Ndinda, wakazipeleka ukumbini kwa watu wanaolipa kiingilio. Erastus Ayieko, Flaqo, ndiye Otis, ndiye Mama Otis, ndiye Baba Otis: familia nzima ndani ya shati moja. Watu huona ufundi wa kubadilisha sauti, na ufundi upo. Ila tusisahau kwamba katika familia hiyo hakuna mwigizaji wa kudai fungu. Tofauti kati yao na kizazi cha Ojwang' haiko katika kipaji. Iko katika kwamba nahodha amenunua chombo, chombo chenyewe kikiwa ni simu, na mashimo yake anayaziba mwenyewe.

Kumiliki mhusika kuna hatari yake, maana mhusika naye huweza kummiliki mtu. Eddie Murphy aliingia katika kipindi cha Saturday Night Live cha New York mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 19, na mojawapo ya maigizo yake, la Buckwheat, likapendwa kupita kiasi hata ikawa kila apitapo watu humtaka aongee kwa sauti hiyo. Mwaka 1983 alitatua tatizo kwa njia ya kazi yake: Buckwheat akapigwa risasi na kufa ndani ya skiti, namna habari za televisheni zilivyoyatangaza mauaji hayo ikiwa sehemu ya mzaha. Wengi hawana ujasiri huo, wala hawana uwezo wa kuacha mkate uliokwisha kuiva. Mwigizaji aliyemwigiza mlevi kwa miaka mingi huona vigumu kupewa nafasi ya hakimu. Na mtaani, watu humwita kwa jina la mlevi, wakashangaa kumkuta msikitini safu ya mbele. Dhana kwamba mchekeshaji anaishi kama mhusika wake ni kongwe kuliko televisheni, na haina dawa, kwa sababu ni dalili ya kazi iliyofanywa vizuri.

Namna ya pekee ya mhusika ni yule wa kuazima, yaani mtu halisi anayeigwa. Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, vijana wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliounda Redykyulass, waliitikisa nchi mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kumwiga Rais Daniel arap Moi wakati ambapo wengi hawakuthubutu kumcheka hata nyumbani. Mhusika wa kuazima huja na umaarufu wake tayari, hahitaji kujengwa haja wala jina. Ila anaondoka na mwenyewe. Moi alipostaafu Desemba 2002, sauti ile ikabaki kumbukumbu, na watatu hao ilibidi watafute riziki kwingine. Kiarie alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017. Phelix Odiwuor, aliyejulikana kama Jalang'o tangu Papa Shirandula, aliingia bungeni kwa kiti cha Lang'ata mwaka 2022. Nchini Tanzania, mchekeshaji Kingwendu aligombea ubunge Kisarawe mwaka 2015, na Masanja akageukia mahubiri. Watu huyacheka mabadiliko haya kama mzaha mwingine, na mimi nayaona ni biashara ya kawaida: siasa na mimbari ni kazi mbili zinazohitaji jina linalojulikana na mtu asiyeogopa umati, na mchekeshaji anavyo vyote viwili hata asipokuwa na akiba.

Hubaki suala la umri na kifo. Mhusika hazeeki kwa lazima. Wenye Mr. Bean walimgeuza katuni mwaka 2002, na tangu hapo magoti ya Atkinson si kizuizi tena. Charles Bukeko alipofariki Julai 2020 kwa maradhi ya Covid-19, mlinzi wa geti aliyempa jina la Papa Shirandula hakupewa mtu mwingine. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya maandishi hudumu uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na hurithiwa kama shamba au nyumba. Lakini ili warithi wadai, lazima kwanza ionekane kwamba marehemu alikuwa na kitu cha kurithisha: skiti iliyoandikwa na kuwekwa tarehe, mkataba uliosema mhusika ni wa nani, au rekodi iliyotoka kwenye akaunti yake mwenyewe. Vijana wanne wa skiti ya yule mama mkwe wa Langoni hawajaandikiana kitu. Aliyebuni kidole ni mmoja, akaunti ni ya mwingine, simu ni ya wa tatu, na leso ni ya mama wa wa nne, ambaye tayari ameshaanza kuuliza fungu lake.